Gauni la Mateso

Siku Redio akisukwa nywele, mtaa mzima ulijua. Sauti ilifika mpaka kwa muuza mkaa wa kona ya pili.

"Aaa! Mama! Unaning'oa ubongo!"

"Ubongo upi? Kama upo, mbona hesabu ulipata tatu?"

"Nilipata nne!"

"Haya, nne. Hongera. Tulia basi. Ukigeuza shingo mstari unakwenda upande, halafu kesho shuleni utasema mama yako hajui kusuka."

Walikuwa wamekaa mlangoni, mtoto kwenye kigoda kati ya magoti ya mama yake, mama kwenye ngazi na kitana kimebanwa mdomoni. Nyuma yao cherehani ilikuwa imeachwa na sketi ya shule chini ya sindano, marinda nusu yameshonwa, nusu yanasubiri. Mtoto mdogo wa nyumba hiyo, msichana ambaye hata miaka minne hakuwa ametimiza, alikuwa chini akilamba ganda la ndizi. Kwa mashavu yake walimwita Bonge. Mkubwa walimwita Redio kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia. Alimwiga mwalimu mkuu, muuza maziwa na baba yake anavyokoroma. Mama waliyemwita Fundi alikuwa akishona sare za shule, na hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kuwa na jina jingine.

Jambo moja ndilo watu wa mtaa hawakulisahau kamwe. Redio hakutoka tumboni mwa Fundi. Aliyemzaa alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Fundi alipoolewa na baba yake, dereva wa lori, alimkuta mtoto hajui kutamka vizuri neno maji. Neno hilo alimfundisha yeye.

"Mama," Redio alisema kichwa kikiwa kimeinamishwa. "Nishonee gauni la mateso."

"La nini?"

"La mateso. Kama la yule yatima wa tamthilia ya jioni. Tunaigiza na Mapacha wa jirani. Mimi yatima, Pacha Mkubwa ndiye mama wa kambo, Pacha Mdogo jirani mwema. Bonge mbwa."

Bonge aliposikia jina lake alibweka.

"Na mimi je? Hamna nafasi yangu?"

"Tulikufikiria uwe mama wa kambo, lakini wewe ukikasirika unacheka. Utatuharibia."

Fundi alicheka mpaka kitana kikamdondoka. Mtoto akasema, "Si unaona?"

Tamthilia hiyo waliitazama wote, sebuleni, Redio mapajani mwa Fundi ingawa miguu yake ilikuwa imeshakuwa mirefu na kumpita. Mama wa kambo wa mle alikuwa na kucha ndefu nyekundu na wigi tofauti kila siku. Alimlaza yatima jikoni, alimpa makoko ya wali, na mwanawe wa kumzaa alimpa mapaja ya kuku. Yatima akiulizwa na jirani, "Mwanangu, anakuumiza?" aliangalia chini na kusema kwa sauti ndogo, "Hapana, mama. Haiumi." Hapo ndipo watu walipolia. Fundi naye alilia. Alimtupia yule mwanamke wa runingani kila tusi alilokuwa nalo, na moja ambalo alilazimika kumziba Redio masikio kabla ya kulitoa.

Redio alilipenda sana lile neno. Alilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kabati, akipunguza sauti kidogo kila mara mpaka ikawa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. "Hapana, mama. Haiumi."

Gauni Fundi alilitoa kwenye kipande cha kitambaa cha kahawia kilichobaki. Alilishona kamili kwanza, kisha akachukua mkasi akalitoboa matundu mgongoni, begani na magotini. Lakini mkono wake haukuzoea kuacha kitambaa wazi. Nyuzi zilizoning'inia zilimkera, akakaa akalipinda kila tundu pembeni kwa mshono mdogo mdogo.

"Mama! Tundu halipindwi!"

"La kwangu linapindwa. Sitaki lichanike zaidi, halafu watu waulize nani kashona takataka hii."

*

Waliigiza siku za shule kufunguliwa zikiwa zimekaribia, Fundi akiwa ndani anakimbizana na sare za watu. Mlango wa uani ulikuwa umerudishiwa. Kati ya mlio wa cherehani alisikia Pacha Mkubwa akinguruma huku ameshika mwiko, akatabasamu, akaendelea kushona.

Mapacha walitakiwa kuwa tuisheni. Mama yao, aliyekuwa karani katika ofisi ya maji, alitakiwa kuwa kazini. Lakini siku hiyo umeme ulikatika ofisini wakaruhusiwa mapema. Alipanda ghorofani kwake kunawa uso, na dirisha la bafu lake linatazama ua wa Fundi.

Alichokiona ni mtoto aliyepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, amevaa matambara, mbele yake sufuria tupu. Aliyekuwa akimfokea alikuwa chini ya paa la baraza, haonekani. Ulionekana mwiko tu, ukipanda na kushuka.

"Nani amekula nyama ya mwanangu?"

"Sikula, mama! Naapa sikula!"

"Leo utalala nje na mbwa!"

Mbwa akabweka. Mtoto akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, maana Redio alikuwa na ganda la kitunguu kiganjani na alijivunia ujuzi huo.

Mama Mapacha hakushuka kugonga mlango. Angeshuka ngazi, akatokea uani na kusema "hodi", angewakuta wanawe mwenyewe. Lakini aliogopa, au hakuogopa, hata yeye baadaye hakuweza kusema. Alitoa simu, akarekodi. Kisha akaituma kwenye kundi la simu la mtaa na maneno haya: *Haya ndiyo yanayotendeka nyuma ya ukuta wangu. Mama wa kambo ni mama wa kambo tu.*

*

Wa kwanza kuja alikuwa mzazi aliyeleta kitambaa cha sare mbili. Kwa kawaida aliingia mpaka ndani na kuvuta kiti. Siku hiyo alibaki mlangoni.

"Nimekuja kuchukua kitambaa changu."

"Bado sijamaliza, dada. Nimeshakata tu."

"Nipe hivyo hivyo."

"Nimeshakata," Fundi alirudia, akidhani hajasikika. "Mikono hii, kola hii, mgongo huu. Fundi mwingine hatajua nimeacha inchi ngapi za kuunganisha. Utaharibikiwa."

"Nipe."

Fundi alimfungia vipande vyote kwenye mfuko, alama zake za chaki zikiwa bado zinaonekana. Alipompa alisema, "Nimekukosea nini? Niambie tu." Yule mama akatazama barabarani, kisha akatoa simu na kumwonyesha bila kuiachia, kama mtu anayemwonyesha mwizi ushahidi.

Fundi alitazama. Alimwona Redio, akaona gauni alilolishona mwenyewe, akasikia Bonge akibweka, akacheka.

"Si Redio huyu anaigiza!"

"Unacheka," yule mama alisema polepole. "Mtoto analia namna hii, wewe unacheka."

Aliondoka na mfuko wake. Fundi alibaki mlangoni na kicheko kimemgandia usoni. Mpaka jua lilipozama walikuwa wamekuja wengine, mmoja akituma mtoto, mmoja akituma msichana wake wa kazi, na wote walitaka vitambaa vyao. Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana, angejua la kujibu.

Video ilikuwa imepigwa kutoka dirisha la ghorofani, kwa hiyo alimfuata Mama Mapacha kwake. Hakufunguliwa geti. Waliongea kupitia nondo, Fundi chini, mwenzake juu ya ngazi na simu mkononi.

"Jirani, wale walikuwa wanacheza. Na wanao walikuwemo. Waulize."

"Wanangu walikuwa tuisheni. Nimewauliza, wamesema walikuwa tuisheni."

"Wanakudanganya."

"Kwa hiyo sasa wanangu ni waongo." Mama Mapacha alishusha sauti, na kuishusha kwake kulikuwa kubaya kuliko kupaza. "Bibie, nilisikia kwa masikio yangu. Sauti yako naijua. Tumekaa ukuta mmoja miaka yote hii."

Nyuma yake, kwenye pazia la sebuleni, vichwa viwili vya urefu mmoja vilichungulia na kutoweka.

*

Baba alipiga simu akiwa njiani, lori limesimama mpakani likisubiri karatasi. Mtu alikuwa amemrushia ile video.

"Mama Bonge," alisema.

Fundi alisikia hilo kabla ya kusikia lingine lolote. Tangu waoane mume wake alimwita mama Redio. Hata Bonge alipozaliwa hakubadilisha. Mkubwa ni mkubwa, alikuwa akisema.

"Ndiyo."

"Nimeona kitu huku. Madereva wenzangu wote wameona."

"Ulimtambua mwanao anaigiza?"

Kwa mbali ilisikika honi ya gari jingine.

"Niambie tu ukweli," alisema. "Sitakasirika. Najua kazi ni nyingi, nami sipo nyumbani. Mtu anaweza kuzidiwa mara moja. Niambie."

Fundi alikuwa na majibu mengi. Kwamba Redio alipougua surua ni nani aliyekesha naye. Kwamba jino la kwanza kung'oka lipo kwenye kopo la vifungo mpaka leo. Lakini aliona kwamba akianza kuyahesabu atakuwa kama mtuhumiwa anayejitetea mbele ya mtu ambaye hakupaswa kuuliza. Akanyamaza.

"Sasa ukinyamaza hivyo ndiyo unanitia shaka," mume alisema.

Alimpa Redio simu. Mtoto akaeleza yote, mbio mbio, Pacha huyu alifanya hivi, Bonge alifanya vile. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mama yako amesimama hapo karibu?"

"Ndiyo, yupo."

"Haya," baba alisema kwa huzuni. "Haya, mwanangu. Nimekuelewa."

Hakuwa ameelewa kitu.

*

Mama mkubwa, dada wa yule marehemu, alifika kesho yake na begi tupu. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo na mwenye haraka, aliyemwona mtoto wa mdogo wake kwa nadra na aliyekuja safari hii akiwa ameshalia njia nzima. Kilio chake kilikuwa cha kweli. Ndilo lililokuwa gumu.

"Nimekuja kumchukua mtoto wa mdogo wangu."

"Karibu ukae, dada. Unywe hata maji."

"Maji yako nitayanywa nikishajua unaweka nini."

Fundi aliyakumbuka maneno hayo. Yalikuwa ya tamthilia, ya yule jirani mwema.

Mama mkubwa alimvuta Redio mbele ya dirisha, akamvua shati, akamgeuza. Alipapasa mbavu zake. Redio alikuwa mwembamba. Mama yake mzazi alikuwa mwembamba, na picha iliyokuwa ukutani ilimwonyesha mwembamba vilevile, na huyu aliyekuwa akipapasa mbavu alikuwa amekua akilala kitanda kimoja na wembamba huo. Lakini siku hiyo hakuuona ukutani.

"Tazama. Huyu mifupa. Na yule wa kwake mnamwitaje? Bonge! Hata aibu hamna, mkampa na jina!" Akakiona kidole chenye alama ya kuungua. "Hii nini?"

"Pasi," Redio alisema. "Niligusa mwenyewe. Mama aliniambia nisiguse nikagusa."

"Mwenyewe." Mama mkubwa alimtazama Fundi. "Ndivyo mnavyowafundisha kusema."

"Dada, mtoto anakwambia."

"Kila mtoto anayeteswa anasema hivyo! Hutazami tivii?"

Hapo Fundi alielewa alipofungiwa. Mtoto akisema ameteswa, ameteswa. Akisema hakuteswa, ameteswa na kutishwa. Yeye Fundi akilia, ni machozi ya mamba. Asipolia, ana roho ya jiwe. Akimkumbatia mtoto mbele ya watu, anajionyesha. Asipomkumbatia, si mnaona? Kila alichoweza kufanya kilikuwa kimeshafanywa na yule mwanamke wa kucha nyekundu, jioni baada ya jioni, mbele ya mtaa mzima, na mtaa ulikuwa umeshajua mwisho wake. Waliomtunga yule hawakumfahamu Fundi wala hawakukusudia kumdhuru. Walihitaji tu mtu wa kuchukiwa kwa haraka kabla ya matangazo, na mama wa kambo hahitaji kuelezwa. Ukishamtaja, kazi imeisha. Hakuna aliyewahi kuonyesha mama wa kambo anayepoza uji, anayetafuta soksi moja iliyopotea, anayegombana na hesabu za darasa la nne na kushindwa. Nani angekaa kumtazama huyo?

"Mtoto haondoki mpaka baba yake arudi," alisema.

"Baba yake ndiye aliyenitumia nauli," mama mkubwa alijibu.

Redio alimtazama Fundi. Fundi aliokota shati sakafuni, akaligeuza upande wa nje, akamvalisha mtoto, kifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, kwa sababu hilo bado alikuwa anaruhusiwa kufanya.

*

Mwenyekiti wa mtaa aliwaita ofisini kwake Jumamosi mchana. Ilikuwa chumba kimoja chenye viti vya plastiki, na runinga juu ya kabati iliyowashwa bila sauti kwa sababu kitufe cha kuizimia kilikuwa kimevunjika. Mama Mapacha alikaa karibu na meza na wanawe wawili, waliolazimika kuja kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kuwaangalia. Mama mkubwa alikaa na begi lake miguuni, sasa limejaa nguo za Redio. Majirani walijaa mlangoni. Fundi alipewa kiti cha katikati, na Bonge mapajani. Redio alisimamishwa mbele ya meza.

"Usiogope," mwenyekiti alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshaita gari la kumpeleka mama mkubwa kituo cha mabasi. "Tuambie, mama yako anakufanyia nini nyumbani?"

"Hanifanyii kitu."

"Sema tu. Hapa hatakugusa mtu."

"Hanifanyii kitu, mzee. Tulikuwa tunaigiza." Sauti ilitoka ndogo. Watu walipigana viwiko mlangoni. Sauti ile waliijua wote.

"Na nani?"

Redio aliwatazama Mapacha. Pacha Mkubwa alikuwa akiangalia viatu vyake. Pacha Mdogo aliangalia viatu vya mwenzake.

"Na wao."

"Walikuwa tuisheni," Mama Mapacha alisema. "Nalipa kila mwezi."

"Kama mliigiza," mwenyekiti alisema, akijaribu kuwa wa haki, "basi igiza na hapa, tuone."

Redio aliyeweza kumwiga mtu yeyote alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akageuka kumtafuta Fundi kwa macho, na mtu mlangoni akasema kwa sauti, "Mnaona? Anaomba ruhusa!"

"Msimfanyie hivyo mtoto!" Fundi alisimama.

"Na hivyo ndivyo anavyofoka," mama mkubwa alisema. "Sasa mmesikia. Mwenyekiti, mimi basi langu linaondoka."

"Tuisikie video kwa mara ya mwisho, wote, ili kesho mtu asiseme hakushirikishwa," mwenyekiti alisema. Mama Mapacha aliweka simu mezani, akaongeza sauti mpaka mwisho.

*Nani amekula nyama ya mwanangu?*

Bonge aliteremka mapajani mwa mama yake. Fundi hakumzuia.

*Sikula, mama! Naapa sikula!*

Bonge alipiga magoti, akaweka viganja sakafuni, akainua kichwa na kusubiri.

*Leo utalala nje na mbwa!*

"Hau! Hau hau!" Bonge alibweka, sambamba na simu, kisha akaangalia huku na huku kama anayesubiri kupigiwa makofi.

Pacha Mdogo alipasuka kicheko. Alijiziba mdomo, kicheko kikamtokea puani. Pacha Mkubwa naye, aliyekuwa amejibana tangu asubuhi, akacheka kile kicheko cha watoto kisichozuilika, kinachofanana na kwikwi.

Mwenyekiti aliwatazama, akamtazama Bonge sakafuni.

"Rudisha nyuma," alisema.

Ikarudishwa. Bonge akabweka tena, papo hapo panapotakiwa.

"Mna mbwa pale kwenu?"

"Hatujawahi kuwa na mbwa," Fundi alisema.

"Mimi sikusema kitu!" Pacha Mdogo alianza kulia akiwa bado anacheka. "Mimi nilikuwa jirani mwema! Yeye ndiye alikuwa mama wa kambo! Yeye ndiye alisema tusiende tuisheni!"

Simu mezani ilikuwa imejirudia yenyewe. *Nani amekula nyama ya mwanangu?* Mama Mapacha aliisikiliza. Alikuwa ameisikia mara nyingi kuliko mtu yeyote, alimwonyesha kila aliyeingia ofisini kwao, na kila mara aliisikia sauti ya jirani yake. Sasa alisikia sauti ya mtoto aliyemzaa, mtoto ambaye kila asubuhi humwita amletee taulo. Alinyoosha mkono akaizima simu.

Mwenyekiti alilivuta gauni la kahawia lililoletwa kama ushahidi. Aligeuza tundu la begani, kisha la mgongoni.

"Haya matundu yamepindwa," alisema.

"Siwezi kuacha kitambaa wazi," Fundi alisema.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alilikunja gauni vizuri zaidi ya lilivyohitaji, akasafisha koo.

"Basi. Tunashukuru. Ni michezo ya watoto, jambo limekwisha. Turudi majumbani."

"Limekwisha kwa nani?" Fundi aliuliza.

Waliokuwa wameshageuka walisimama.

"Nimerudisha vitambaa vya watu vikiwa vimekatwa. Mume wangu ameniuliza swali ambalo sitalisahau. Mtoto wangu amevuliwa nguo akakaguliwa kama mbuzi wa mnadani. Mmezijaza nguo zake kwenye begi. Limekwisha kwa nani?"

"Dada, tulikuwa tunamwonea huruma mtoto," mtu alisema mlangoni.

"Huruma!" Sauti ya Fundi ilipanda, na safari hii hakuishusha. "Mimi nami nilikuwa namlilia yule mtoto wa kwenye tivii. Kila jioni, kama ninyi. Nikimtukana yule mwanamke, nikisema afadhali afe. Sikujua kumbe mkiwa mnatukana, mnanitukana mimi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kugonga mlango wangu. Hata mmoja. Mngegonga mngewakuta watoto wanne na mwiko!"

Mama Mapacha alisema, akiwa ameinamia mkoba wake, "Na ninyi, kuigiza gani kwa sauti kubwa namna ile?"

Huo ndio msamaha alioutoa. Jioni aliandika kwenye kundi la mtaa: *Imebainika ni watoto walikuwa wanacheza.* Watu wawili walijibu. Mmoja aliuliza tamthilia ya jana iliishaje.

Mama mkubwa alizitoa nguo kwenye begi, akaziweka kwenye kiti. Akamshika Redio kichwani. "Hata hivyo nitakuwa napita mara kwa mara," alisema. "Kuangalia."

*

Baba alirudi na machungwa na doli, akala alichoandaliwa, akasema, "Mama Redio, nisamehe." Fundi aliosha sahani.

"Uliniuliza," alisema, na hakuongeza neno.

Wateja walirudi kidogo kidogo, wengine na vipande vile vile vilivyokwisha kuharibiwa na mafundi wengine. Sokoni, watu ambao hawakuwa wa mtaa ule, walioipata video kwa watu wengine na hawakuwahi kupata ile habari nyingine, waliacha kuongea akipita. Muuza nyanya mmoja alimchagulia mbovu mbele ya macho yake. Ikaanza tamthilia nyingine, na ndani yake kulikuwa na mama wa kambo, huyu mfupi na mwenye miwani. Nyumbani kwa Fundi runinga haikuwashwa saa hiyo. Gauni la kahawia alilikata matambara ya kufutia mafuta ya cherehani.

Ikafika siku ya kusuka. Fundi alikaa kwenye ngazi na kitana mdomoni. Redio hakuja na kigoda. Alisimama katikati ya chumba.

"Mama, tusukie ndani."

"Ndani hakuna mwanga, nitakuchana vibaya."

Mtoto alifikiri. Kisha akaleta kigoda, akakaa pale mlangoni, mgongo umenyooka. Fundi alifumua, akapaka mafuta, akagawa mistari. Nywele za kisogoni ndizo ngumu. Kitana kilinasa, akavuta, akangoja makelele. Kimya. Akavuta tena. Muuza mkaa wa kona ya pili hakusikia kitu. Alimaliza upande mzima wa kushoto kwa kimya hicho, na akafikiri labda mkono wake umekuwa mwepesi.

Akainama kumtazama usoni. Redio alikuwa ameivuta kola ya gauni lake mpaka mdomoni na kuiuma kwa meno, na kitambaa kilikuwa kimelowa mate. Machozi yalikuwa yakimtoka. Mikononi hakuwa na kitunguu.

"Inauma?" Fundi aliuliza.

Redio aliachia kola. Aliangalia chini.

"Hapana, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Haiumi."

Mikono ya Fundi ilisimama kichwani mwa mwanawe.

"Piga kelele," alisema.

"Watasikia."

"Piga kelele, mwanangu. Kama zamani. Niambie nakung'oa ubongo."

Redio aliinua macho mpaka dirisha la ghorofani, ambako pazia lilikuwa limetulia. Akatikisa kichwa. Kisha akaichukua kola, akaiuma tena pale pale ilipolowa, na kuinamisha shingo ili mama yake aendelee.